Kilo ya Panza Iwe Kilo ya Paje

Hotuba ya msimamizi wa ununuzi mbele ya wakuu wa vituo, wapimaji na makarani wa kampuni ya kununua mwani, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wakuu wa vituo, makarani, wapimaji, vijana wa ghalani, na nyinyi kina mama wawakilishi wa wakulima mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, ahsanteni. Wa Unguja mmevuka bahari, wa Makangale na Micheweni mmetoka majumbani alfajiri. Naingia kwenye jambo lililotukutanisha: kuandika utaratibu mmoja wa kupima na kupokea mwani kwa vituo vyetu vyote.

Polo moja la mwani, yaani gunia moja la plastiki, la mkulima mmoja, lililoanikwa juani siku zile zile, likizungushwa kwenye vituo vyetu vitatu litapata majibu matatu. Kituo cha kwanza mpimaji atakata nusu kilo kwa ajili ya polo lenyewe. Cha pili atakata kilo moja. Cha tatu atakata kilo mbili, na ukimuuliza atakwambia moja ya polo na moja ya mchanga. Kituo kimoja wanamwaga mwani sakafuni na kuukung'uta kabla ya kupima. Kingine mpimaji anatia mkono juu ya polo, anahisi, anasema tia mizani. Kuna kituo kinatoa risiti papo hapo, na kuna kituo jina linaandikwa kwenye daftari la skuli, mkulima anaambiwa aje jioni.

Hakuna mwizi katika habari hii, na naomba tuelewane hapo mapema. Kila mpimaji anafanya alivyomkuta mwenzake akifanya siku aliyokabidhiwa mizani. Vituo vyetu vimefunguliwa kimoja kimoja, kwa miaka tofauti, na kila kimoja kilijitafutia njia yake. Kituo kikiwa kimoja, mazoea yanatosha. Mkuu anajua, karani anajua, mkulima keshazoea. Vikishakuwa vingi, mazoea ya kila kituo yanageuka dhulma kwa mtu ambaye hata hajui kama anadhulumiwa.

Na siku hizi anajua. Mwenye mwani Tumbe, huku Pemba, ana shoga yake aliyeolewa Jambiani, kule Unguja. Usiku wanapigiana simu, wanaulizana habari za watoto, kisha anauliza, "Weye wamekukata ngapi?" Kabla ya bamvua la pili, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, kijiji kizima kina habari.

Hebu tulifanye hesabu jambo hili, maana likisemwa kwa maneno matupu linaonekana dogo. Chukueni mkulima aliyeleta mapolo 6. Kwenye kituo kinachokata nusu kilo, amekatwa kilo 3. Kwenye kituo kinachokata kilo mbili, amekatwa kilo 12. Tofauti ni kilo 9 za mwani mkavu. Sasa zirudisheni kilo hizo majini. Kilo moja kavu inatokana na kilo saba au nane za mbichi, pengine hata kumi. Kwa hiyo kilo 9 kavu ni zaidi ya kilo 60 za mwani mbichi, uliofungwa kwa tai-tai, vile vikamba vyake, shina moja moja, ukangojwa wiki sita, ukavunwa mtu kainama maji yako magotini, ukabebwa kichwani huku chumvi inachuruzika machoni, ukaanikwa, ukageuzwa, ukakimbizwa ndani kila wingu lilipotanda. Hicho ndicho kinachopotea kwa sababu mpimaji wa huku alifundishwa hivi na wa kule akafundishwa vile.

Nilitaka kujua hiyo kilo moja ilitoka wapi, kwa sababu haikuandikwa popote. Mzee mmoja wa ghalani ndiye aliyenieleza. Zamani mwani ulikuja kwenye magunia ya juti. Gunia la juti, hasa likishaingia unyevu, linakaribia kilo nzima, na kukata kilo moja ilikuwa haki kabisa. Magunia yakaondoka, yakaja haya mapolo ya plastiki ya kufumwa. Chukua polo tupu, lipige kofi mchanga wote utoke, uliweke mizani: halifiki robo kilo. Gunia lilibadilika, kukata kukabaki. Vituo vilivyofunguliwa baadaye vikapunguza hadi nusu, na vingine vikaona mchanga ni mwingi, vikaongeza. Wote walikuwa na sababu siku ile, ila hakuna aliyeiandika, na sababu isiyoandikwa inakufa na mwenyewe huku amri yake ikiendelea kutumika.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba, kabla ya lolote jingine, ni hili. Kila hatua tutakayoiandika, chini yake tuandike kwa nini. "Kata uzito wa polo, kwa sababu tunanunua mwani na hatununui polo." Sentensi fupi tu. Siku mapolo yakibadilika tena, atakayesoma atajua nini cha kugeuza na nini cha kuacha.

Sisi Wapemba, na Waunguja wa mashamba pia, tumekulia kwenye karafuu, na ugomvi huu tunaujua kwa sura nyingine. Mchumaji analipwa kwa pishi. Pishi ya mfuto au ya tele? Mwenye shamba huyu anapitisha mkono juu, sawa na ukingo. Yule anataka kilima mpaka zimwagike pembeni. Mchumaji kachuma zile zile, juu ya mikarafuu ile ile, na malipo hayafanani. Wazee wetu walikuwa wakisema mapema, kabla mtu hajapanda mti, pishi ya shamba hili ni ipi. Ndicho tunachokitafuta leo. Isemwe mapema, isemwe mbele ya wote, na ikishasemwa isibadilike katikati ya uchumaji.

Na sote tumesoma chuoni Suratul Mutaffifin. Wale wanaopimiwa wakataka watimiziwe, na wakipima wao wakapunja, wanaonywa kwa onyo kali. Sihitaji kuongeza neno langu juu ya hilo.

Nageukia upande wa pili, kwa sababu wapo watakaosema kwamba nawatetea wakulima tu na kampuni nimeisahau.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, kule Paje na Jambiani. Leo wanaoulima ni zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake, na kwa fedha za kigeni unatajwa baada ya utalii na karafuu. Unakwenda nje kutengenezewa karagini, kitu cha kugandishia, ile inayotiwa kwenye dawa za meno, maziwa, aiskrimu na vitu chungu nzima. Tunashughulika na aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi lakini haistahimili joto. Kule Unguja kotonii ilianza kufa maji yalipozidi kupata moto, na sasa tegemeo lake kubwa ni Pemba.

Anayenunua kutoka kwetu nje ya nchi ananunua kontena, na ndani ya kontena moja mna mapolo ya Panza, ya Tumbe, ya Makunduchi, yamechanganyika. Anafungua machache, anachukua sampuli, anahukumu mzigo mzima. Vituo tisa vikifanya kazi safi na kimoja kikalegea, sampuli ikiangukia kwenye polo la kile kimoja, wote kumi tumeshindwa.

Unyevu kwanza. Tunataka asilimia 35 au karibu yake. Kilo 100 za mwani wenye unyevu huo zina kilo 65 za mwani wenyewe, zilizobaki ni maji. Mwani ule ule ukiletwa kabla haujakauka vizuri, kwenye asilimia 45, mizani itasoma kilo 118. Kilo 18 tumenunua maji ya bahari, tena maji hayo yatakwenda kuozesha polo la jirani ghalani. Lakini angalieni na upande huu. Mkulima mwaminifu sana, anayeogopa kurudishwa, akiukausha mpaka ukafika asilimia 25, mizani itasoma kilo 87 tu. Kajinyima kilo 13 kwa sababu hakuna aliyemwambia pa kuishia. Kituo kinachosema "kausha zaidi, kausha zaidi" bila kumwonyesha mkulima kiasi, kinamtia hasara na chenyewe kinajiona kiko makini.

Kuchanganya aina ni baya zaidi. Kotonii na spinosamu hazitoi karagini ya namna moja. Ya kotonii inaganda ikawa ngumu, yenye kuvunjika. Ya spinosamu inaganda laini, inavutika. Kiwanda kinachotaka moja, kikipewa mchanganyiko, hakina la kufanya nao ila kushusha bei au kuukataa. Na mwani ukishakauka na kusindiliwa kwenye polo, kuzitenganisha tena ni kazi ya siku nzima. Zitenganishwe mlangoni pa kituo, mbele ya mwenyewe, kabla ya mizani. Hili halina mjadala na halina kituo maalumu.

Sasa naja kwenye sehemu ninayoiona ndiyo nzito, na nataka wakuu wangu wa ofisi ya Mjini wanisikilize kwa makini kuliko wote.

Kufanya kazi ya vituo vyote ifanane kuna hatari yake. Mtu anakaa Mjini kwenye kiti, anaandika utaratibu mzuri, anaupeleka visiwa vyote, kisha anashangaa kwamba haufuatwi. Niwape mfano. Tukiandika kwamba kila kituo kifunguliwe saa mbili asubuhi, ofisini itaonekana ni nidhamu. Lakini bamvua linapokuwa bamvua, maji yanakupwa saa nne, saa tano za asubuhi. Saa mbili kina mama wanafunga vitu vyao kuteremka pwani, na mpaka baada ya adhuhuri wako ndani ya maji. Karani atakaa na mizani yake anahesabu nzi. Watakapotoka, wachoke, waswali, wale, ndipo wabebe mapolo waje, na hapo karani anataka kufunga. Maji mafu, bahari isipokupwa sana, mambo ni mengine kabisa. Mtu yuko nyumbani, anaanika, anaweza kuja wakati wowote. Saa ya kufungua, basi, iandikwe na kituo chenyewe kwa kalenda ya mwezi, ibandikwe mlangoni. Ofisi inachotaka ni kwamba saa iliyobandikwa iheshimiwe.

Vivyo hivyo kuanika. Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja. Anayeanika Wete wakati wa masika anahitaji chanja zilizoinuka na turubai la kufunika haraka, maana mwani mkavu ukinyeshewa chumvi inatoka, na ubora unakwenda nayo. Anayeanika Paje wakati wa kaskazi, upepo mkavu na jua, tabu yake ni mchanga unaopeperushwa. Kumwandikia huyu utaratibu wa yule ni kumdharau. Kisiwa Panza mzigo unavuka kwa chombo, na polo likikaa chini ya chombo linanyonya tena maji ya bahari ambayo lilikuwa limeshayatoa, kwa hiyo wao lazima wapime tena wakishusha. Jambiani mzigo unakuja kwa gari, hawana haja ya hatua hiyo.

Kwa hiyo tuseme wazi yapi ni ya wote. Kwa maoni yangu ni yale anayoyaona mkulima na yale atakayoyaona mnunuzi wa mwisho. Mizani inahakikiwa vipi. Polo linakatwa kiasi gani. Unyevu unapimwa kwa njia gani na mwisho wake wapi. Mchanga unatolewa vipi. Aina zinatenganishwa wapi. Risiti inasemaje. Huko pasiwe na "kwetu tunafanya hivi". Mengine yote, saa, chombo, chanja, nani anasaidia kubeba, mwachieni aliye pale.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoufahamu haukutoka kwenye biashara, umetoka hospitali, na sehemu yake imetokea hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya vitu 19 vya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, dawa imetolewa au haijatolewa, vitambaa vimehesabiwa au havijahesabiwa. Ukurasa mmoja tu. Waliujaribu kwenye hospitali nane za miji minane isiyofanana hata chembe: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, Manila, New Delhi, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Morogoro, kwenye orodha moja na London. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hawakununua mashine mpya. Walikubaliana kusimama, kuulizana kwa sauti, na kutoruka.

Na mguuni mwa ukurasa ule waliandika kwamba hospitali zinahimizwa kuongeza na kurekebisha kulingana na kazi za mahali pao. Hivyo ndivyo walivyoweza kuwafikia Ifakara na Toronto kwa karatasi moja.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo watu hawapendi kuisimulia. Serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, iliiona orodha ile ni nzuri, ikahimiza hospitali zote ziitumie na ziripoti kwamba zinaitumia. Mwaka 2014 ukachapishwa uchunguzi wa hospitali 101 za huko. Takriban zote ziliripoti kuwa zinaitumia. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu, na wengi walifika hapa: kutia alama kwenye karatasi ni rahisi, kuitumia ni kazi nyingine, na kazi hiyo inataka watu washirikishwe na wafundishwe tangu mwanzo. Ndiyo maana leo hamkuitwa kusomewa. Mmeitwa kuandika.

Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga mfumo wa kazi wa Toyota, alishikilia kwamba karatasi ya hatua za kazi iandikwe na walioko kazini wenyewe. Akijua kwamba mtu hawezi kumweleza mwenzake kazi ambayo yeye mwenyewe hajaielewa. Nakubaliana naye, na naongeza sababu yangu: nyinyi mna elimu ambayo ofisi haina.

Kuna mpimaji mmoja mkongwe, yumo humu ndani, sitamtaja akaona haya. Nilimtazama akifanya kazi. Anachukua fumba la mwani kutoka katikati ya polo, si juu, kwa sababu juu jua limepita. Analiminya kwa nguvu, anaachia. Mwani ukijirudi wenyewe kama mpira na kiganja kikabaki kikavu, anaupokea. Kiganja kikilowa, anaurudisha. Tawi likikatika kwa sauti, anamwambia mwenyewe, "Umekausha kupita, mama, unajipunja." Kisha anaangalia ule unga mweupe wa chumvi juu ya mwani, anajua kama ulinyeshewa. Tumechukua sampuli zake tukazipima kwa kifaa cha unyevu, na mkono wake hauko mbali hata kidogo. Mkono huo hauwezi kwenda Makunduchi na Makangale kwa siku moja, lakini alichokuwa akikifanya mkono kinaweza kwenda. Kutoka katikati ya polo. Minya, achia, tazama kiganja. Vunja tawi. Tazama chumvi. Penye shaka, kifaa ndicho kiamue, mkulima akisoma namba mwenyewe. Hatua chache hizo zikiandikwa vizuri, kijana aliyeanza kazi juzi atakuwa na mwalimu kila asubuhi.

Juu ya karatasi zenyewe. Ziwe kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha polo na tai-tai na bamvua, wala zisitafsiriwe kutoka kitabu cha mtu. Kila kazi ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, na picha pale inapowezekana, kwa sababu wako wakulima na wabebaji ambao kusoma kunawapa tabu. Zifungwe plastiki, maana chumvi inakula karatasi kwa wiki. Na zitundikwe kwenye mizani, upande wa mkulima. Nasisitiza upande wa mkulima. Karatasi ikikaa kabatini mwa mkuu wa kituo, mkaguzi wake atakuwa mkuu wa kituo peke yake. Ikikaa mbele ya kina mama, kila siku ina wakaguzi hamsini, na hawalipwi mshahara.

Kila karatasi iwe na namba na tarehe pembeni. Ikitoka mpya, ya zamani iteremshwe siku hiyo hiyo na irudishwe ofisini, isibaki hata nakala moja droani. Na naomba tukomeshe hii desturi ya kutoa maagizo kwa sauti za WhatsApp. Mkubwa anarekodi ujumbe akiwa garini, "kuanzia kesho fanyeni hivi", vituo sita vinasikia, viwili havina mtandao, kimoja simu imezimika, na mwezi ujao tunaulizana nani aliambiwa nini. WhatsApp itumike kujulishana kwamba karatasi mpya imetoka. Utaratibu ni ile karatasi.

Mizani. Kila kituo kitapewa jiwe la kilo 20 lililohakikiwa. Asubuhi kabla ya polo la kwanza, jiwe linatundikwa, mkulima yeyote aliyepo anaitwa atazame, namba inaandikwa kwenye daftari, wanaweka saini wote wawili. Ikisoma pungufu au zaidi, mizani hiyo haifanyi kazi siku hiyo, hata kama foleni imefika barabarani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu sisi mali hiyo ni ya watu wengine kabla haijawa yetu.

Uongozi umekubali kwamba polo litakatwa uzito wake halisi na si zaidi, na kwamba mchanga utakung'utwa na kupimwa mbele ya mwenyewe badala ya kukisiwa. Maana yake kampuni italipa zaidi kwa polo kuliko ilivyokuwa ikilipa kwenye vituo vingi. Walisita, nawaambieni kweli. Kilichowashawishi ni hesabu ile ya unyevu. Mkulima anayejua kwamba hapunjwi hana sababu ya kulowesha mwani wake ili ajirudishie. Tukiacha kumkata kwa kukisia, naye ataacha kujilipa kwa mchanga.

Najua wapo wenye wasiwasi kwamba karatasi hizi ni fimbo, kwamba nitakuja kituoni na kalamu kutafuta wa kumwandikia barua. Nikifika kituoni nikakuta hatua haifuatwi, swali langu la kwanza litakuwa hatua hiyo ina kasoro gani. Mara nyingi mtu anaruka hatua kwa sababu haiwezekani kufanyika pale, ama kifaa kimeharibika, ama mtu mmoja amepewa kazi ya wawili. Hapo inayotakiwa kubadilishwa ni karatasi, au ofisi inatakiwa kuleta kifaa. Mpimaji anayeona njia iliyo bora aniandikie. Tutaijaribu kwenye kituo chake kwa bamvua mbili na kwenye kituo kingine cha kisiwa cha pili, na ikifaa tutaigeuza kuwa ya wote. Nisichokubali ni mtu kubadilisha kimya kimya peke yake, kwa sababu siku hiyo kilo ya kituo chake inaacha kuwa kilo ya wenzake.

Wanaotaka cheti cha Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, wasubiri kidogo. Litakuja lake. Wakaguzi wa namna hiyo huuliza kwanza, utaratibu wenu ulioandikwa uko wapi, na kisha huenda kituoni kutazama kama ndivyo mnavyofanya. Tuanze na hayo mawili.

Jambo la mwisho ni la kubadilishana. Kuanzia bamvua lijalo, wapimaji wawili wa Pemba watakwenda kufanya kazi Unguja, na wawili wa Unguja watakuja huku, kwa bamvua moja, kisha zamu ya wengine. Nauli na makaazi ni juu ya kampuni. Hawaendi kukagua. Watashika mizani na kufuata karatasi ya pale kama ilivyoandikwa, na palipo na neno wasilolielewa au hatua wasiyoweza kuifanya bila kuuliza, wapige mstari. Mgeni ndiye anayejua kama maelezo yanatosha, kwa sababu mwenyeji anajaza mapengo kwa mazoea bila kujua. Kina mama wawakilishi nanyi nawaomba mtoe mmoja kila upande afuatane nao, atazame mwani wa wenzake unavyopimwa, arudi kuwaeleza wenzake kijijini kwa mdomo wake.

Leo mpaka Alasiri tunaandika karatasi mbili tu, ya mizani na ya unyevu. Kila meza ichanganyike watu wa Unguja na Pemba, mpimaji, karani na mkulima. Mapolo manane yako pale nje, manne yamekaushwa sawa na manne tumeyaharibu makusudi, bila kuandikwa ni yapi. Mkimaliza kuandika, kila meza itatoa karatasi yake kwa meza ya jirani, nao waitumie kuyapima. Majibu yakitofautiana, tutarudi kwenye maandishi mpaka yafanane.

Ahsanteni sana. Meza ya Kisiwa Panza na Paje, naomba muanze nyinyi, jiwe la mizani liko mlangoni.